Tsavo Si ya Wageni Pekee

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na walimu, wazazi na viongozi wa vikundi mjini Voi, kabla ya likizo ya Agosti. Yamefupishwa kidogo ili yatoshee katika jarida hili.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshanionyesha saa yake, kwa hiyo naomba tuhesabu kwamba itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze kuhusu utalii wa ndani. Kabla sijaanza, naomba tuinue mikono. Nani hapa ameona ndovu mwaka huu, awe wa kando ya barabara au wa shambani? Naona karibu ukumbi wote. Haya, nani amewahi kumwona ndovu huyo akiwa ndani ya mbuga, yaani ametoa kitambulisho langoni akaingia kama mgeni anavyoingia? Saba. Wanane, tukimhesabu dereva wa basi la shule.

Hesabu hiyo ndiyo imenileta hapa. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 17,000, na takriban asilimia 62 ya eneo hilo ni Mbuga za Kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mtu anayezaliwa Voi, Mwatate, Taveta au Wundanyi na kuzeeka bila kuingia Tsavo ni kama mtu mwenye nyumba ya vyumba kumi ambaye sita kati ya hivyo hajawahi kuvifungua mlango. Anachojua ni kelele za usiku zinazotoka upande ule.

Na kelele hizo tunazijua. Sitasimama hapa niwasifie wanyama kana kwamba hakuna anayelala na tochi mkononi mahindi yanapokaribia kukomaa. Nitalifikia hilo. Lakini tuanze na swali ambalo huulizwa katika kila baraza: mbuga hii ni ya nani?

Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa tarehe 1 Aprili 1948, wakati wa ukoloni. Baadaye ikagawanywa kuwa Mashariki na Magharibi ili iwe rahisi kuisimamia, reli na barabara ya Nairobi hadi Mombasa zikiwa mpaka. Humo ndani mlikuwa na watu. Waata, ambao wengine huwaita Wasanye au Waliangulu, walikuwa wawindaji mashuhuri wa pinde kubwa na mishale ya sumu, na ndovu alikuwa riziki yao. Mbuga ilipotangazwa, kazi ya baba zao ikawa kosa la kupelekwa kortini. Jamii nyingine nazo zilikuwa zikilisha mifugo na kupita njia zao humo. Mazungumzo ya utalii hupenda kuanzia kwa simba, lakini ukianzia hapo huwezi kuelewa kwa nini wazee wetu wakisikia neno Tsavo hukunja uso.

Leo Katiba ya mwaka 2010 imeweka wazi: ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, na mbuga za kitaifa husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Utalii wa mashinani umewekwa chini ya kaunti. Maasai Mara ni hifadhi iliyo chini ya Kaunti ya Narok, na ndiyo maana ada ya langoni kule huenda kwa kaunti. Yetu haiji kwetu. Kaunti hii imekuwa ikidai mgao wa mapato ya Tsavo kwa miaka mingi, na madai hayo bado yapo. Nayataja ili mtu asiondoke hapa akidhani nimetumwa kukusanyia watu wengine pesa. Nimekuja kwa sababu naamini mtu asiyejua kilichomo ndani ya mali hawezi kuidai vizuri mezani.

Sasa tuingie.

Langoni mwa Voi, upande wa Mashariki, ingia mapema. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na hiyo ndiyo saa yenyewe. Ukichelewa hadi saa nne jua likiwa kali, wanyama wamejificha kivulini na utarudi nyumbani ukisema hakuna kitu. Walimu, nawaomba sana mlizingatie hili, maana basi la shule huwa na desturi ya kusubiri mtoto wa mwisho. Msimu mzuri ni wa kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, kisha Januari na Februari. Nyasi huwa fupi, maji huwa machache, na kila mnyama analazimika kuja pale maji yalipo. Wakati wa mvua mbuga hupendeza kwa ukijani, lakini mnyama anaweza kuwa hatua ishirini kutoka kwako na usimwone.

Jambo la kwanza watoto watakaloliona ni rangi. Ndovu wetu ni wekundu. Si kabila jingine la ndovu, ni udongo wetu huu huu unaochafua soksi zenu. Ndovu hujirushia vumbi na kujigaragaza matopeni kujikinga na jua na wadudu, kwa hiyo huvaa rangi ya ardhi anayoishi. Mgeni hutoka Ujerumani kuja kupiga picha ya vumbi la Voi likiwa mgongoni mwa ndovu.

Endeleeni hadi Aruba, bwawa lililojengwa mwaka 1952 kwenye Mto Voi. Miaka mingine hujaa, miaka mingine hukauka kabisa likabaki sakafu ya udongo uliopasuka. Hata likiwa kavu lina la kufundisha. Kando ya barabara angalieni swala mwenye shingo ndefu aliyesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu ya kichaka. Huyo ni swala twiga. Anaweza kukaa muda mrefu mno bila kunywa maji, kwa sababu hupata unyevu kutoka kwenye majani. Mwalimu wa sayansi akiwaonyesha wanafunzi swala twiga mmoja, somo la viumbe na mazingira yao limekwisha. Kuna pia choroa, mbuni, twiga, nyati, na tandala mdogo ambaye ni mwoga kuliko wote. Mkibahatika mtaona hirola, swala adimu sana ambaye kwao hasa ni Garissa na maeneo ya mpakani na Somalia. Baadhi waliletwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na wengine mwaka 1996, ili wakimalizika kule wasiwe wamemalizika duniani.

Simba? Wapo. Madume wengi wa Tsavo hawana manyoya mengi shingoni, wengine hawana kabisa, kwa hiyo mtoto asije akabishana kwamba wale wote ni majike. Kuhusu wale wawili waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 kwenye daraja la Mto Tsavo, hadithi mnaijua. Patterson, mhandisi aliyewaua, alidai baadaye kwamba walikula watu 135. Watafiti waliopima mifupa na nywele zao walichapisha makadirio yao mwaka 2009, wakasema ni kama watu 35. Simba wenyewe wako Chicago, Marekani, wamekaushwa na kuwekwa ndani ya kioo. Wenzetu wa kule hulipa kiingilio kuwatazama. Sisi wajukuu wao tunao hapa wakiwa hai.

Kuna mahali panaitwa Mudanda. Ni mwamba mmoja mrefu, yapata kilomita moja na nusu, na chini yake maji ya mvua hujikusanya. Kiangazi kikikolea ndovu huja kunywa hapo kwa mamia, na wewe umekaa juu unawatazama. Mimi nimefika sehemu nyingi za nchi hii kwa sababu ya kazi, na sijaona jukwaa zuri kuliko lile. Mbele zaidi ni Mto Galana na maporomoko ya Lugard, ambapo mto umechonga mwamba hadi ukawa kama mbao iliyorandwa. Hapo mamba hawana haraka, na ninyi msiwe na haraka ya kusogea ukingoni. Nyuma yake mtaona mlima mrefu usio na kilele, umenyooka kama rula. Hiyo ni nyanda ya Yatta, mtiririko mmoja wa lava uliopoa na kuganda, karibu kilomita 300 kwa urefu, mojawapo ya mirefu zaidi duniani.

Upande wa Magharibi sitawataja wote, muda hautoshi. Lakini Mzima siwezi kupita. Mvua hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, huzama ndani ya mawe ya volkeno, husafiri chini ya ardhi na kuchujwa njiani, kisha hububujika Mzima yakiwa maji safi kiasi kwamba unamwona samaki akipita chini ya kiboko. Kuna chumba kilichojengwa chini ya maji chenye madirisha ya kutazamia. Bomba la kutoka Mzima hupeleka maji Mombasa, na hapa Voi pia tunayanywa. Kwa hiyo mama anayefungua mfereji wake asubuhi, siku ambazo mfereji huo una maji, na najua nimegusa kidonda, anafungua chemchemi iliyo ndani ya Tsavo. Anayekata miti Chyulu anakata maji ya Voi. Ukimweleza mtoto maneno hayo darasani huyasahau, lakini akiyaona Mzima hayasahau.

Na Ngulia. Karibu na Novemba na Desemba, usiku wa ukungu, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hushuka kwa maelfu pale, wamechanganywa na ukungu na mwanga. Tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, wakiwafunga pete ndogo mguuni na kuwaachilia. Baadhi ya pete hizo zimekuja kuonekana tena huko Urusi. Ndege mwenye uzito mdogo kuliko yai la kuku anaijua Tsavo, na mwaka ujao atarudi.

Sasa nirudi kwa ndovu, maana ndiye anayetukosesha usingizi.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka ukame wa 1970 na 1971, ambapo maelfu ya ndovu walikufa njaa Tsavo. Kabla hatujapumua, majangili wakaingia, wakiwa na bunduki za kivita, miaka ya sabini na themanini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini, ndovu waliokuwa makumi ya maelfu katika eneo zima la Tsavo walikuwa wamebaki kama 5,000 na kitu. Mwaka 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe za ndovu mjini Nairobi, na mwaka huo huo dunia ikakubaliana kupiga marufuku biashara hiyo baina ya nchi. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilikuta ndovu 36,280 nchini Kenya, na karibu 15,000 kati yao wako katika eneo la Tsavo. Yaani takriban ndovu wawili katika kila watano wa Kenya ni jirani zetu.

Lakini msidhani vita vimekwisha. Mwaka 2014 Satao, dume ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu Tsavo Mashariki. Na ukame wa mwaka 2022 uliua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, Tsavo ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Ng'ombe wetu walikufa, ndovu nao wakafa, na walio hai wakatoka nje ya mbuga kutafuta maji. Maji waliyoyapata yalikuwa kwenye matangi yetu.

Hapo ndipo pana ugomvi, na hapa naomba mnisikilize kama jirani, si kama afisa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori ilipwe shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu alipwe milioni 3, na mwenye majeraha mengine alipwe hadi milioni 2 kulingana na jeraha. Mazao na mifugo hulipwa kwa bei ya soko. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, kisha hulipwa na Serikali ya Kitaifa. Ni kweli malipo huchelewa. Wapo wanaongoja kwa miaka, na sina maneno ya kuwapoza. Ninachoweza kusema ni kwamba madai mengi huanza vibaya. Mtu anavamiwa shamba usiku, asubuhi kwa hasira analima upya, halafu baada ya wiki tatu anaenda kuripoti. Hakuna tena cha kukagua. Ripoti KWS siku hiyo hiyo. Piga picha kwa simu, nyayo na kinyesi vikiwemo. Mwite chifu na afisa wa kilimo kabla hujagusa kitu. Weka nakala ya kila karatasi. Na mjue kwamba sheria inamtaka mwenye shamba awe amechukua hatua ya kujikinga. Aliyeacha wazi kabisa anaweza kunyimwa.

Kujikinga vipi? Nendeni Sagalla mkaone. Kule wakulima, kwa ushirikiano na watafiti wa mradi ulioongozwa na Dkt. Lucy King, walianza kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu, pamoja na ukubwa wote ule, hawezi nyuki. Humwuma ndani ya mkonga na kuzunguka macho. Si dawa ya kila shamba. Mwaka wa ukame nyuki nao huhama, na mizinga ikiwa mitupu uzio ni mapambo. Lakini miaka ya kawaida ndovu wengi wanaofika hugeuka, na mkulima ana asali ya kuuza. Maarifa hayo hayakutoka kwenye kitabu cha mtu wa mbali. Yalifanyiwa kazi hapa kwetu, na wakulima wetu.

Na kuna LUMO, hifadhi ya jamii iliyopata jina lake kutoka ranchi tatu, Lualenyi, Mramba na Oza. Pale ardhi ni ya wanajamii wenyewe. Kwa mtu ambaye bado anauliza mbuga ni ya nani, ningependekeza aanzie huko.

Vijana, nina neno nanyi. Nimekaa kwenye gari la watalii nikimsikiliza mwongozaji aliyetoka mbali akitaja majina ya vilima vyetu yote vibaya, na wageni wakiandika. Hakuwa na hila, hakuwa amezaliwa hapa tu. Kazi ya kuongoza wageni inahitaji mafunzo na leseni, kweli, lakini inahitaji pia mtu anayejua ndege kwa sauti na mti kwa jina la nyanya yake. Huwezi kuomba kazi ndani ya mbuga ambayo hujawahi kuiona. Anza kwa kuingia.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda ni machache. Malipo hufanywa kwa eCitizen, hakuna pesa taslimu langoni, kwa hiyo lipeni nyumbani penye mtandao wa kuaminika. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, lakini lazima uwe na kitambulisho. Ukikisahau utajieleza sana. Ada hubadilishwa mara kwa mara, ndiyo maana sijaitaja hapa, iangalieni siku mnayolipa. Gari nalo hulipiwa kulingana na idadi ya viti. Kiangazi, barabara kuu za ndani hupitika hata kwa gari la kawaida. Mvua ikinyesha, msijaribu.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020. Bebeni maji kwenye mtungi au chupa za chuma. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Msishuke garini isipokuwa mahali palipowekwa alama. Ndovu akitandaza masikio na kutikisa kichwa, dereva arudi nyuma polepole, asipige honi. Na ule mtindo wa kijana kutoa kichwa dirishani apate picha ya TikTok, mwalimu, uukomeshe kabla hamjatoka shuleni.

Kwa shule, vikundi vya wanafunzi vina utaratibu wao. Mwandikieni mhifadhi barua mapema, angalau mwezi mmoja, ikiwa na muhuri wa shule, idadi ya wanafunzi na majina ya walimu. Wenye darubini waje nazo. Wasio nazo waazimane, moja kwa watoto watano inatosha. Nimebeba nakala za mfano wa barua hiyo, ziko mezani karibu na mlango, pamoja na karatasi yenye hatua za kuripoti uharibifu wa mazao. Za mazao nilichapisha nyingi zaidi, maana najua zitaisha kwanza. Mwenyekiti, nimebakisha dakika tatu. Tuanze na maswali ya akina mama.